Dawa Inapozaa Dawa: Mnyororo wa Vidonge katika Tiba ya Presha na Moyo

Dawa humezwa kwa kusudi maalumu, lakini ikishaingia katika damu haichagui mahali pa kwenda. Kidonge kinachomezwa ili kulegeza mishipa ya damu husafirishwa na damu hiyo hiyo hadi miguuni, mapafuni, katika figo na katika ubongo, na kote huko hukuta seli zinazoweza kuitikia. Kwa sababu hiyo karibu kila dawa yenye nguvu ya kutibu ina pia nguvu ya kuudhi. Katika hospitali zetu athari hizo zisizokusudiwa huitwa maudhi au madhara ya dawa.

Jambo hilo linajulikana sana. Lisilojulikana sana ni lile linaloweza kufuata baadaye. Maudhi ya dawa huja katika sura ya ugonjwa wa kawaida: kikohozi, uvimbe wa miguu, maumivu ya viungo, kichefuchefu au uchovu. Mgonjwa huyapeleka hospitalini kama ugonjwa mpya, na tabibu asipouliza yalianza lini, naye huyatibu kama ugonjwa mpya. Hapo dawa ya pili huandikwa ili kutibu kazi ya dawa ya kwanza. Dawa ya pili nayo ina maudhi yake, na ya tatu huitwa ije kuyatuliza. Mwaka 1997 madaktari Paula Rochon wa Kanada na Jerry Gurwitz wa Marekani walilieleza jambo hili katika jarida la kitabibu la BMJ, wakalipa jina lenye maana ya maporomoko ya maji yanayoshuka ngazi kwa ngazi. Katika makala haya litaitwa mnyororo wa dawa.

Presha katika mwambao

Kabla ya kuuchunguza mnyororo huo, hapana budi kueleza kwa nini dawa za presha hutolewa kwa wingi. Shinikizo la damu hupimwa kwa milimita za zebaki, na kwa mtu mzima kipimo kinachofikia au kuzidi 140 kwa 90, kikirudiwa na kuthibitika, huhesabiwa kuwa cha juu. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya kila wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na shinikizo la juu.

Hasara yake si ndogo. Utafiti wa kiharusi uliochapishwa mwaka 2010 ulilinganisha wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilipata wagonjwa wapya takriban 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Dar es Salaam takriban 316. Hali kadhalika, katika utafiti wa wagonjwa wa moyo kushindwa kazi uliofanywa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014, shinikizo la damu lilikuwa chanzo kikuu, kwa takriban asilimia 45 ya wagonjwa. Ni dhahiri basi kwamba dawa za presha huokoa maisha, na mjadala huu hauna shabaha ya kuzikataa.

Hata hivyo, Bagamoyo na vijiji vilivyo kati yake na Dar es Salaam, kama vile Zinga, Kerege na Mapinga, vina hali moja inayofanya mnyororo wa dawa uwe mgumu kuonekana. Dalili mbili kubwa zinazoletwa na dawa za presha ni kuvimba kwa miguu na kikohozi kikavu. Katika mwambao huu dalili hizo mbili tayari zina maelezo yanayojulikana na kila mtu. Mguu uliovimba huitwa matende, ugonjwa uletwao na minyoo inayoenezwa na mbu, ambao umewasumbua watu wa pwani kwa vizazi vingi. Kikohozi kisichokoma nacho hushukiwa mara moja kuwa kifua kikuu. Maelezo yote mawili ni ya busara na yapaswa kuchunguzwa. Lakini jibu lililo karibu mno na ulimi huweza kulizuia swali jingine lisiulizwe: je, mgonjwa huyu alianza kidonge gani kabla ya dalili hii?

Kwa nini miguu huvimba

Dawa ya presha itolewayo mara nyingi sana ni amlodipini. Kazi yake ni kuzuia madini ya kalsiamu yasiingie kwa wingi katika misuli iliyo kwenye kuta za mishipa ya damu. Misuli hiyo ikikosa kalsiamu hulegea, mishipa hupanuka na shinikizo hushuka. Ni dawa nzuri. Jaribio lililofanywa katika nchi sita za Afrika, zikiwamo Kenya na Uganda, na kuchapishwa mwaka 2019, lilionyesha kwamba kwa wagonjwa Waafrika michanganyiko ya dawa mbili iliyokuwa na amlodipini ilishusha presha vizuri kuliko mchanganyiko usiokuwa nayo.

Lakini amlodipini hulegeza zaidi vijiateri, yaani mishipa midogo inayopeleka damu katika kapilari, kuliko vijivena vinavyoiondoa damu hiyo. Matokeo yake yanaweza kuelezwa kwa kanuni iliyotolewa na mwanafiziolojia Mwingereza Ernest Starling mwaka 1896. Kwa kawaida shinikizo la damu katika mwanzo wa kapilari ni kama milimita 35, na mwishoni ni kama 15. Protini zilizomo katika damu huvuta maji kwa nguvu ya kama milimita 25. Kwa hiyo mwanzoni maji husukumwa nje ya kapilari, na mwishoni sehemu kubwa yake hurudishwa ndani.

Tuseme sasa kwamba mlango wa kuingilia umepanuliwa na mlango wa kutokea umebaki vilevile. Damu huingia kwa nguvu zaidi, shinikizo ndani ya kapilari hupanda, na maji yatokayo huzidi yale yarudiyo. Hali hii ni kama bomba la bustani lenye vitundu vidogo: koki ikifunguliwa zaidi huku mwisho wa bomba ukiwa umebanwa, maji huchuruzika kwa wingi zaidi katika kila kitundu. Kwa kuwa uzito wa damu huelemea chini mtu asimamapo, maji hayo hukusanyika katika vifundo vya miguu, na uvimbe huzidi jioni.

Maudhi haya hutegemea dozi. Katika majaribio ya awali ya dawa hiyo, uvimbe ulionekana kwa watu 3 hivi katika kila 100 waliotumia miligramu 5 kwa siku, na kwa watu 11 hivi katika kila 100 waliotumia miligramu 10. Wanawake walivimba zaidi kuliko wanaume.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mgonjwa huyu hana maji ya ziada katika mwili mzima. Maji yamehama tu, kutoka ndani ya kapilari kwenda nje yake. Akipewa dawa ya kukojoza, kama furosemidi, ambayo wengi huijua kwa jina la kibiashara la Lasix, figo zake zitatoa chumvi na maji kutoka katika damu, lakini sababu ya kuvuja itabaki palepale. Atakojoa sana, na miguu itaendelea kuvimba. Tiba inayolingana na chanzo ni kupunguza dozi, au kubadilisha dawa, au kuongeza dawa ya kundi jingine inayopanua vijivena pia, ili mlango wa kutokea ulingane na ule wa kuingilia.

Pamoja na hayo, kosa hili hutokea hata katika nchi zenye hospitali nyingi. Utafiti uliofanywa katika jimbo la Ontario, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba wazee walioanzishiwa dawa za kundi la amlodipini waliandikiwa dawa za kukojoza katika siku 90 za mwanzo takriban mara mbili zaidi kuliko wazee walioanzishiwa dawa nyingine za presha.

Mnyororo unaorudi ulikoanzia

Na tuchukue mfano wa kubuni, ili mnyororo uonekane pete kwa pete. Mvuvi mwenye umri wa miaka 62 agundulika kuwa na presha na kupewa amlodipini, miligramu 10. Baada ya wiki sita vifundo vyake vya miguu vyavimba. Katika kituo kingine cha afya apewa furosemidi.

Furosemidi huwa na maudhi mawili makubwa. Kwanza, huondoa potasiamu pamoja na mkojo. Potasiamu ikipungua mno, misuli hulegea na kukakamaa, na mapigo ya moyo huweza kuvurugika. Pili, huzifanya figo zibakize asidi ya yuriki. Asidi hiyo ikizidi hugeuka fuwele ndogo zenye ncha kama sindano, ambazo hutua katika viungo, hasa katika kidole gumba cha mguu. Huu ndio ugonjwa wa jongo. Kwa mtu ambaye kitoweo chake ni dagaa na kamba, vyakula vyenye malighafi ya asidi hiyo kwa wingi, hatari yazidi.

Mvuvi wetu aamka usiku kwa maumivu makali ya kidole. Asubuhi anunua diklofenaki katika duka la dawa. Dawa hii, pamoja na ndugu zake kama ibuprofeni, hutuliza maumivu kwa kuzuia utengenezaji wa prostaglandini. Lakini prostaglandini hizo hizo huzisaidia figo kupata damu ya kutosha na kutoa chumvi. Zikikosekana, chumvi na maji hubaki mwilini, na shinikizo la damu hupanda.

Basi mvuvi arudi kliniki, presha yake yapimwa na kuonekana imepanda tena. Aongezewa dawa nyingine ya presha, mathalani enalaprili. Sasa figo zake zimezingirwa pande tatu: furosemidi yapunguza maji katika damu, diklofenaki yabana mishipa inayoingiza damu katika vichujio vya figo, na enalaprili yalegeza ile inayotoa. Vichujio vyakosa msukumo, na figo zaweza kushindwa kazi katika muda wa siku chache, hasa akiharisha au akitoka jasho jingi baharini. Dawa ya mwisho katika mnyororo imekuja kupambana na presha, ambayo ndiyo iliyokuwa sababu ya dawa ya kwanza. Mtu amerudi alikoanzia, akiwa na vidonge vinne badala ya kimoja, na figo zilizo hatarini.

Kikohozi kilichotoka kwa nyoka

Mnyororo wa pili una historia ya kuvutia. Katika miaka ya 1960 mwanasayansi wa Brazili, Sérgio Ferreira, alichunguza sumu ya nyoka wa nchi hiyo aitwaye jararaka. Aliona kwamba sumu hiyo huizuia bradikinini isivunjwevunjwe mwilini. Bradikinini ni kemikali ya mwili inayopanua mishipa ya damu. Kutokana na ugunduzi huo wataalamu wengine walitengeneza kaptoprili, iliyoanza kutumika mwaka 1981, na baadaye enalaprili na lisinoprili.

Dawa hizi huzuia kimeng'enya chenye kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kutengeneza kemikali inayobana mishipa, iitwayo anjiotensini ya pili. Kazi ya pili ni kuivunja bradikinini. Kimeng'enya kikizuiwa, mishipa hulegea, na hiyo ndiyo tiba. Lakini wakati huohuo bradikinini hulimbikizana mapafuni na kuziamsha neva za kukohoa. Kati ya watu 5 na 20 katika kila 100 wanaotumia dawa hizi hupata kikohozi kikavu, chenye mtekenyo kooni, kisicho na makohozi wala homa. Huweza kuanza baada ya saa chache au baada ya miezi kadhaa.

Mgonjwa wa namna hii hupewa dawa ya maji ya kikohozi, kisha antibiotiki, kisha antibiotiki nyingine. Hupimwa kifua kikuu, na kipimo hicho ni sahihi kufanywa. Lakini majibu yakitoka safi na kikohozi kikaendelea, yafaa kidonge cha presha kichunguzwe. Dawa ikibadilishwa, kikohozi aghalabu huisha katika wiki moja hadi nne, ingawa kwa wachache huchukua miezi mitatu. Badala yake hutolewa dawa kama losatani, ambayo huizuia anjiotensini bila kukigusa kimeng'enya hicho, na kwa hiyo haileti kikohozi cha aina hii.

Bradikinini yaweza kuleta pia hatari iliyo adimu lakini kubwa: kuvimba ghafla kwa midomo, ulimi au koo. Jambo hili huwapata watu weusi mara tatu hivi zaidi ya wazungu. Likitokea, mgonjwa asimeze tena kidonge hicho bali apelekwe hospitalini papo hapo.

Si kila dawa ya nyongeza ni kosa

Isidhaniwe kwamba mtu mwenye vidonge vingi lazima amekosewa. Moyo ulioshindwa kazi huzuia damu isirudi vizuri, na hapo mwili kweli huwa na maji ya ziada; furosemidi humwondolea mgonjwa dhiki ya kupumua. Aliyeumia moyo huweza kuhitaji aspirini, pamoja na dawa ya kulinda tumbo dhidi ya vidonda ambavyo aspirini huweza kuleta. Hii pia ni dawa inayofuata dawa, lakini imefuata kwa kujua na kwa hesabu. Tatizo ni pale dawa inapoongezwa bila mtu yeyote kutambua kwamba yaitibu dawa nyingine.

Ndiyo maana dalili hazina budi kutofautishwa. Uvimbe wa amlodipini huwa wa miguu yote miwili, huzidi jioni, na hauambatani na kuishiwa pumzi. Uvimbe wa moyo huandamana na kukosa pumzi mtu alalapo chali. Uvimbe wa figo mara nyingi huonekana usoni asubuhi. Matende aghalabu huvimbisha mguu mmoja zaidi ya mwingine, huchukua miaka, na ngozi huwa nene na ngumu. Tofauti hizi husaidia, ijapokuwa hazitoshi zenyewe kuamua bila vipimo vya tabibu.

Tarehe ni kipimo

Bagamoyo ina somo lake la kufundisha katika jambo hili. Tawi la Taasisi ya Afya Ifakara lililopo mjini humo limeshiriki katika majaribio makubwa ya chanjo za malaria, RTS,S na baadaye R21. Katika majaribio ya namna hiyo kila jambo linalompata mtoto baada ya chanjo, hata homa ndogo au mafua, huandikwa pamoja na tarehe yake, kabla mtu hajaamua kama limeletwa na chanjo au la. Kwanza huandikwa, kisha huhukumiwa.

Utaratibu huohuo waweza kufuatwa kwa gharama ya daftari moja la shule. Wagonjwa wengi huenda kliniki na daftari, ambamo matabibu huandika. Ikiwa mgonjwa ataandika, au mjukuu wake atamwandikia, tarehe ya kuanza kila dawa na tarehe ya kuanza kila dalili, mnyororo hujitokeza wenyewe. Wazee wa pwani huenda wasikumbuke tarehe za kalenda, lakini hukumbuka vizuri kwa njia nyingine. Tabibu akiuliza, "Bibi, kikohozi hiki kilianza lini?" aweza kujibiwa, "Kilinianza mwezi wa Ramadhani, mwanangu." Akiuliza kuhusu kidonge, ajibiwe, "Hicho nilikianza Shaabani." Majibu hayo mawili yameshaonyesha kwamba kidonge kilitangulia.

Maswali ya kumwuliza tabibu au mfamasia ni machache. Dawa hii ni ya kutibu nini? Je, dalili hii mpya yaweza kuwa imeletwa na dawa ninayotumia? Je, dozi yaweza kupunguzwa, au dawa kubadilishwa, kabla ya kuongeza nyingine? Je, ipo dawa ambayo siihitaji tena? Katika kujibiwa, mgonjwa ataje kila anachotumia, pamoja na vidonge vya maumivu vya dukani na dawa za mitishamba, kwa maana vitu hivyo huwa havimo katika daftari. Wahudumu wa afya nao wana fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo kwayo madhara yanayoshukiwa hupelekwa kitaifa na kuchunguzwa.

Kuuliza, hata hivyo, si kuacha. Mtu aachaye dawa za presha kwa sababu hajisikii mgonjwa hujiweka katika hatari ya kiharusi, kwani presha ya juu mara nyingi haina dalili. Dawa nyingine, kama propranololi, zikiachwa ghafla huuacha moyo ukipiga kwa kasi na nguvu, na huweza kuleta maumivu makali ya kifua. Kupunguza dawa ni tiba kama kuongeza: hufanywa kwa hatua, kwa dozi zilizopimwa, na presha ikiangaliwa mara kwa mara. Njia mojawapo ya kuzihitaji dawa chache tangu mwanzo ni kupunguza chumvi, jambo lisilo rahisi katika mwambao ambako chumvi huvunwa hadi leo na ng'onda ni kitoweo cha kila siku. Kumlowesha ng'onda na kumwaga maji kabla ya kumpika hupunguza sehemu ya chumvi hiyo.

Kazi ya darasani

Walimu wa baiolojia na kemia wanaweza kulitumia somo hili kwa zoezi lifuatalo. Wanafunzi wachore mstari mrefu wa miezi kumi na miwili. Juu ya mstari waandike dawa za mvuvi wa mfano wetu kwa mfuatano wa kuanza kwake, na chini ya mstari waandike dalili zake. Kisha waunganishe kwa mshale kila dalili na dawa inayoweza kuwa imeileta, wakieleza kimeng'enya, madini au mshipa unaohusika. Mwisho wajadiliane: ni katika pete ipi mnyororo ungekatwa kwa urahisi zaidi, na ni swali gani moja ambalo lingetosha kuukata? Watakaofanya zoezi hilo kwa makini wataona kwamba jibu liko katika wiki ya sita, siku mvuvi alipoonyesha miguu yake kwa mara ya kwanza.